Kifua cha Fundi Hippolyte

Kila Jumamosi asubuhi Laker alikuwa na kazi moja asiyoweza kuikwepa: kupeleka sare ya baba yake kwa fundi. Baba yake, Sajini Okeny, alipiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi, na kwa tumbo lile alilokuwa nalo, haikupita wiki bila kifungo kung'oka. Fundi mwenyewe aliitwa Hippolyte, Mkongomani aliyehamia Kampala na mkewe Monique. Cherehani yake ilikaa chini ya turubai, karibu na lango la kambi ya polisi kule Nakawa.

"Baba yako anakula nini, Laker?" fundi alimtania. "Vifungo vyangu vinaomba likizo!"

Laker, msichana wa miaka kumi na mitatu, alicheka. Lakini fundi hakucheka naye. Alishika kifua, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, kisha akaporomoka kutoka kwenye kiti chake.

Monique, aliyekuwa kando yake, alipiga yowe. Afande Bonny, aliyekuwa zamu langoni, alifika mbio.

"Amezimia tu," alisema kwa uhakika. "Kama kuruta kwenye gwaride. Mfungueni mkanda, inueni miguu, leteni maji."

Bonny hakuwa mjinga. Pale kambini makuruta huanguka juani mara kwa mara, na hiyo ndiyo tiba yao. Huamka wakiona haya. Maji yakamwagwa usoni, lakini fundi hakushtuka. Alivuta pumzi moja nzito ya kukoroma, kisha kukawa kimya.

"Mnaona? Anapumua!" Bonny alisema.

Laker alisogea karibu na fundi. Katika klabu ya huduma ya kwanza shuleni walifundishwa kwamba mtu asiyeitika, anayekoroma mara moja moja tu, hapumui. Moyo wake umesimama. Alimtikisa fundi mabega na kumwita kwa sauti. Hakuitika. Lakini yeye ni nani hata amsahihishe afande mbele ya watu wote waliokuwa wamekusanyika? Aliona haya na kuogopa. Kisha akaona midomo ya fundi ikigeuka rangi ya majivu.

"Samahani, Afande, huku si kuzimia," alisema. "Moyo wake umesimama. Tafadhali ita ambulensi."

"Tangu lini wewe ni daktari?"

"Bonny, sikiliza mutoto!" Monique alifoka. "Piga simu!"

Bonny akatoa simu. Laker alipiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua na kubonyeza kwa nguvu. Sanamu la plastiki walilojifunzia shuleni halikuwahi kumtisha. Sasa alisikia kitu kikivunjika, ka! chini ya mikono yake. Akaiondoa haraka. Nimemuumiza, alijiambia, na machozi yakamtoka. Kisha akairudisha mikono, akaendelea.

Okeny alikuja mbio kutoka kwenye mazoezi ya bendi, fimbo ya ngoma bado mkononi. "Nifanye nini, mwanangu?"

"Nipigie mwendo, Baba. Mapigo mia hadi mia na ishirini kwa dakika."

"Huo ni mwendo wetu wa haraka!" Okeny hakujua lolote kuhusu mioyo, ila mwendo ndio uliokuwa kazi yake. Akaanza kuipiga meza ya fundi, na Laker akabonyeza akiufuata. Mikono ilipomlegea, alimwonyesha baba yake pa kubonyeza wakapokezana. Wa tatu kupiga magoti alikuwa Afande Bonny, jasho likimtoka, wala hakusema tena habari za kuruta.

Ambulensi ilipofika, Muuguzi Adoch aliruka chini na mashine yake. "Msiache kubonyeza!" aliamuru huku akibandika pedi mbili kifuani. Mashine ilipoupima moyo akasema, "Sasa mtu yeyote asimguse!" Umeme ukapita, mwili wa fundi ukaruka. Bonny akaendelea kubonyeza. Mhudumu aliyekuja na Adoch aliingiza mpira wa hewa kooni mwa fundi na kumpulizia hewa kwa mfuko, naye Adoch akamchoma dawa ndani ya mshipa. Baada ya dakika mbili walipima tena, wakapitisha umeme mara ya pili. Adoch aliweka vidole shingoni mwa fundi, akatulia, kisha akatabasamu.

"Moyo unapiga."

Monique alikaa chini vumbini akalia kwa furaha.

Wiki moja baadaye Laker alisimama kando ya kitanda cha Hippolyte hospitalini. Adoch naye alikuwa amepita kumjulia hali. Kwa siku zote hizo Laker hakulala vizuri.

"Fundi, nisamehe," alisema akitazama sakafu. "Nilikuvunja mbavu. Tena niliogopa, nikasita."

Hippolyte alicheka, kisha akakunja uso. "Aa, usinichekeshe, inauma!"

"Ni kweli, mbavu mbili zimevunjika," Adoch alisema. "Hata mimi huzivunja. Mbavu huunga, Laker, lakini ubongo uliokosa damu hauna fundi wa kuutengeneza. Mimi na mashine yangu tulifika baada ya dakika kumi na moja. Kama ungengoja mkubwa akuruhusu, ningekuta maiti. Ukijua jambo linaloweza kuokoa mtu, liseme kwa heshima na ulifanye, hata kama unaogopa. Jumamosi ijayo naja kuifundisha kambi nzima. Afande Bonny ndiye aliyeniomba."

Hippolyte aliuchukua mkono wa Laker na kuuweka juu ya kifua chake. Ndani yake moyo ulikuwa ukipiga, taratibu, bila kusaidiwa na mtu.

"Sikia mwenyewe, mwanangu," alisema. "Ila safari hii, tafadhali, usibonyeze."