Bawaba za Moto

Kila alasiri akitoka shuleni, Hesabu alivua sare na kwenda kumsaidia mama yake kwenye karakana ya uhunzi. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa umahiri wake wa hesabu na, tusifichane, lilikuwa limeanza kumvimbisha kichwa.

Siku hiyo mama alitoa bawaba za mlango motoni, zikiwa nyekundu, akazilaza juu ya matofali. Hesabu akazielekezea kipimajoto cha mionzi, kinachopima bila kugusa kitu, akasoma. Baada ya dakika moja akasoma tena. Mwalimu aliwafundisha kwamba kitu cha moto hupoteza joto kwa mionzi, hata kisipoguswa. Basi akapiga hesabu: kama joto limeshuka hivi kwa dakika moja, bado dakika kadhaa tu zipoe. Akakaa kitako kusubiri.

Dakika alizohesabu zilipokwisha, wekundu ukiwa umetoweka, seremala jirani aliingia mbiombio.

"Mama Hesabu, bawaba zangu tayari? Mwenye mlango ananisubiri."

"Hesabu, zimepoa?" mama aliuliza huku akichochea moto.

"Zimepoa, mama."

"Umepima?"

Kipimajoto kilikuwa pale pale mezani. Lakini yeye si ndiye Hesabu? "Nimepima," alijibu.

Seremala akashika bawaba. Yowe lake lilisikika hadi barabarani.

Mama alimkimbiza bombani, akamwagia vidole maji baridi. Hesabu aliwafuata. Vidole vile ndivyo vilivyolisha nyumba nzima ya jirani yao.

"Mama, nimedanganya," alisema. "Nilipima mwanzoni tu."

Mama hakufoka. "Haya, pima sasa."

Alipima, akasubiri, akapima tena. Kila dakika joto lilishuka kidogo kuliko dakika iliyotangulia. Hesabu akaelewa: chuma cha moto sana humwaga joto ovyo, lakini kikianza kupoa hulitoa kwa ubahili. Yeye alidhani mwendo ni uleule.

Seremala alitazama malengelenge yake. "Kesho nikishindwa kushika randa, utakuja kuishika wewe."

"Nitakuja, mjomba. Nisamehe."

Mama akamgeukia binti yake. "Kukosea hesabu ni jambo la kawaida, mwanangu. Hata mimi hukosea. Kosa lako ni kusema umepima, na hukupima. Mwenzio hakukiamini chuma, alikuamini wewe. Siku nyingine sema 'sijui, ngoja nipime.' Neno hilo halijamuunguza mtu."