Mkalimani wa Susu

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Mwongeli kila asubuhi ilikuwa kupigania redio. Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, aliiwasha jua likichomoza na kusikiliza matangazo ya vifo kwa sauti iliyowafikia majirani wote wa ghorofa ya nne. Mwongeli aliipunguza, Susu akaiongeza, wakazozana kidogo, kisha wakanywa chai pamoja. Wakati huo Mama, Nthoki, alikuwa ameshaondoka mtaa wao wa Huruma kwenda mtaa wa Fedha, alikopika katika mkahawa. Baba alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alilala njiani.

Baada ya chai Susu alitakiwa kumeza dawa za presha. Zilikuwa mbili: kidonge cha manjano na kidonge cheupe. Hicho cheupe kilimfanya aende haja ndogo kila mara. Sasa, choo cha ghorofa yao kilikuwa kimeziba kwa muda mrefu, na mwenye nyumba alikuwa hodari wa kuahidi tu. Kila aliyebanwa alishuka ngazi hadi chini. Kwa Mwongeli, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, huo ulikuwa mchezo. Kwa Susu, ambaye magoti yalimuuma hata akiwa ameketi, ilikuwa safari ya kuagwa. Kwa hiyo kidonge cheupe kilibaki kwenye mkebe, na kile cha manjano alikimeza alipokumbuka.

Jumanne moja, siku ya kliniki, Mwongeli alimpeleka Susu kwenye kituo cha afya cha mtaa. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Susu huko, maana Susu alikuwa amekuja kutoka Kitui juzijuzi na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Waliketi kwenye benchi ndefu. Mtu wa mbele alipoitwa, wote waliinua makalio kidogo na kusogea. Ukiinuka kwenda msalani, wenzako husogea, na ukirudi unaanza mkiani. Susu alijua mambo hayo, ndiyo maana siku za kliniki hakumeza dawa yoyote.

"Niaje, Mwongeli!" sauti iliita. Alikuwa Shirleen, mwanafunzi mwenzake, amembeba mdogo wake aliyeletwa kuchanjwa. "Mko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Si unaona hii laini haisongi?"

Shirleen alicheka na kuketi karibu nao. Mwongeli hakufurahi sana. Shirleen alikuwa msichana mwema, lakini jambo likimfikia asubuhi, kufikia mchana darasa zima lilikuwa nalo.

Mbele yao, Sista Lydiah alikuwa akipima watu presha. Siku hiyo alikuwa peke yake, kwa sababu mwenzake alikuwa amehamishwa na hakuna aliyeletwa mahali pake. Alikuwa hajaonja hata chai. Hayo watu wa benchi hawakuyajua. Walichokiona ni muuguzi aliyemsimamia mzee mmoja na kumfokea.

"Mzee Okoth! Umeacha dawa tena? Wenzako wanazitafuta hawazipati, wewe unaziweka nyumbani ziwe mapambo! Unataka kufa? Sema!"

Mzee Okoth alivua kofia yake. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Watu wengine walitazama sakafu, na wengine, nasikitika kusema, walicheka.  Mwongeli alimwonea huruma yule mzee, lakini zaidi alimwogopea Susu.

Zamu yao ilipofika, Sista Lydiah alitazama mashine, akaguna. "Iko juu sana. Ingieni kwa daktari."

Daktari Odera alikuwa mtu mpole, tatizo lilikuwa mlango wake. Haukufungika, na benchi ilipita mbele yake tu. Kila aliyeketi nje alisikia ugonjwa wa aliye ndani. Shirleen naye alikuwa amesogea, sasa ameketi mlangoni kabisa.

"Muulize nyanya kama anameza dawa zake zote, kila siku," daktari alisema.

Mwongeli alimuuliza Susu kwa Kikamba. Susu hakuwa na siri. Alieleza kwa mikono na kwa uso: kidonge cheupe kinamkojoza, choo kiko chini, magoti hayataki ngazi, juzi nusura ajikojolee kwenye ngazi mbele ya vijana, na leo hakumeza chochote kwa ajili ya benchi. Alieleza mpaka akashika kiuno kuonyesha alivyobanwa.

Mwongeli alimtazama Shirleen pale mlangoni. Akamkumbuka Mzee Okoth na kofia yake. 

"Anasema anameza zote," alijibu. "Kila siku."

"Maneno yote hayo ni hayo tu?"

"Ndiyo, daktari."

Daktari Odera alitabasamu, kisha akawa na wasiwasi. "Kama anameza zote na presha bado iko hivi, basi dawa hazimtoshi. Hiki cha manjano, ameze viwili badala ya kimoja. Na nitamwongezea kingine cha tatu." Siku hiyo dirisha la dawa lilikuwa nazo zote. Mwezi uliotangulia wagonjwa wengine waliambiwa hakuna. Susu alishukuru kila mtu, hadi bawabu.

Njiani Mwongeli hakuwa na raha. Alijua amekosa. Lakini alikuwa msichana mwenye akili nyepesi, akapata dawa ya kosa lake, au ndivyo alivyodhani. Nimesema Susu anameza dawa zote, alijiambia. Basi nitahakikisha anazimeza zote, na uongo wangu utakuwa ukweli.

Tangu siku iliyofuata alimsimamia Susu na kikombe cha maji mkononi.

"Meza, Susu. Na hiki. Na hiki pia."

"Umekuwa Sista siku hizi?" Susu alimtania. "Na ngazi, utanibeba?"

"Nimekununulia ndoo yenye kifuniko. Mimi ndiye nitakayeimwaga."

Na kweli aliimwaga, bila kunung'unika hata mara moja. Mama alipoona hivyo alimsifu mbele ya majirani. Mwongeli alianza kulala vizuri. Hakufikiri kwamba Susu, ambaye mwili wake ulikuwa umezoea kidonge kimoja cha hapa na pale, sasa alikuwa akimeza dawa zilizopimwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Mwishoni mwa juma Susu alianza kulalamika kwamba miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Chakula hakikumpendeza. Asubuhi ya Jumatatu, siku ambayo Mama hakwenda kazini, Susu aliinuka kuongeza sauti ya redio, akashika meza, kisha akaanguka chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Ngozi yake ilikuwa baridi na yenye jasho. Mama alimwita, hakujibu.

"Walter! Walter, tusaidie!" Mama alipiga kelele.

Walter, jirani yao fundi wa vitanda, alifika mbio, akambeba Susu mgongoni na kushuka naye ngazi zote bila kupumzika. Mwongeli alifuata nyuma akilia.

Kituoni benchi ilikuwa imejaa kama kawaida, lakini Sista Lydiah alipomwona Susu aliacha kila kitu. "Mleteni hapa! Mlaze! Mama, nipishe kidogo." Watu wa benchi waliinuka wenyewe kupisha njia. Mikono ya Sista ilifanya kazi haraka na kwa upole, huku akimwita Susu "mama yangu, mama yangu."

"Daktari, presha imeshuka mno," alisema.

Daktari Odera aliuliza maswali upesiupesi. Ameharisha? Ametapika damu? Ameanguka na kugonga kichwa? Amekula nini? Mama alitikisa kichwa kwa kila swali.

"Dawa je?"

"Anameza vile mlivyomwandikia," Mama alijibu. "Mtoto mwenyewe anamsimamia."

"Basi sielewi. Alikuwa akimeza zote presha ikiwa juu, na mimi nimeongeza kiasi tu. Haiwezi kumwangusha hivi. Labda anavuja damu ndani ya tumbo." Akamgeukia Sista. "Piga simu, atafutiwe ambulensi. Hospitali kubwa wamchunguze, ikiwezekana wampasue."

Mwongeli alisikia neno hilo, kupasuliwa. Alimtazama Susu, amelala pale mdogo, kitambaa kimemtoka kichwani. Alimtazama pia Sista Lydiah aliyekuwa ameshika simu, yule yule aliyemfokea Mzee Okoth. Miguu ilimtetemeka.

"Nilidanganya," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa sauti kubwa, watu wote wa benchi wakasikia. "Daktari, nilidanganya! Susu alikuwa hamezi dawa! Alikuambia, ni mimi sikusema! Kile cheupe alikiacha kwa sababu ya choo, na cha manjano alikimeza mara mojamoja. Ameanza kumeza zote baada ya wewe kuongeza!"

 Daktari Odera alivuta pumzi ndefu.

"Kumbe," alisema. "Sista, weka simu kwanza. Miguu ya nyanya iinuliwe juu. Tumwekee maji ya mshipa, na dawa zote zisimame. Tutampima tena na tena. Asipopata nafuu upesi, ambulensi ije."

Walingoja. Mwongeli aliketi sakafuni karibu na kitanda, hakuuachilia mkono wa Susu. Kila Sista alipopima, alisoma namba kwa sauti, na kila mara ilikuwa imepanda kidogo. Mkono wa Susu ulianza kupata joto. Hatimaye alifumbua macho, akaulizia kitambaa chake cha kichwa. Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Daktari Odera alikuja akaketi, na safari hii akauliza upya kila kitu, hata habari za ngazi. "Kuna dawa ya presha isiyomkimbiza mtu msalani," alisema. "Ningempa hiyo tangu mwanzo, kama ningejua. Mwongeli, nikiwa hapa siioni nyumba yenu wala choo chenu. Naona mnachoniambia tu, na hicho ndicho ninachokitibu. Nilitibu maneno yako, na nyanya yako ndiye aliyeyameza."

Mwongeli aliinamisha kichwa. "Niliogopa kufokewa."

Sista Lydiah alikuwa akipanga vifaa vyake. Aliacha. Susu, aliyekuwa akimtazama kwa muda, alisema jambo kwa Kikamba.

"Anasema nini?" Sista aliuliza.

"Susu, hilo siwezi kulisema," Mwongeli alinong'ona.

"Liseme nilivyolisema," Susu alimjibu.

Mwongeli alianza, sauti ikimtetemeka. "Anasema asante kwa kumkimbilia. Anasema una mikono mizuri. Na anasema... ulipomfokea yule mzee, yeye pia aliogopa. Watu wengi pale kwenye benchi wanakuogopa wewe kuliko presha."

 Sista Lydiah aliketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza Mwongeli aliona alivyochoka.

"Ni kweli," alisema polepole. "Kazi ni nyingi, na tuko wachache. Lakini yule mzee hakuwa na kosa la kuaibishwa mbele ya watu. Nitamtafuta nimwombe msamaha. Pole, mama." Kisha akamshika Mwongeli begani. "Na wewe nisikilize. Leo umesema ukweli mara mbili, na mara zote mbili umetetemeka. Usingoje siku ambayo hutatetemeka, huenda isifike. Mgonjwa wako akisema, sema alivyosema, hata kama ni aibu, hata kama mimi nimekasirika. Hasira yangu itaisha jioni. Nyanya yako ungempata wapi mwingine?"

Susu alivuta mkono wa mjukuu wake. "Amesema nini huyo?"

Mwongeli alipangusa machozi, akamweleza yote kwa Kikamba, bila kuacha neno.