Nilimwona Shemeji Chini ya Gari la Mwanangu

Miguu ya shemeji yangu ilikuwa inatokeza chini ya gari la mwanangu...

Nilimjua kwa viatu. Abdisalam, mdogo wa marehemu mume wangu.

Nilisimama nyuma ya pazia, tasbihi ikanigandia mkononi.

Kring... kring... Chuma kinagonga chuma.

Wapendwa mnaosoma, mtauliza mbona sikutoka nikamuuliza. Ilikuwa 2008, hapa Kitale, na mimi nilikuwa kwa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, wala hapigi gumzo na mwanaume anayeweza kumuoa. Shemeji ni mmoja wao.

Na wiki hiyo hiyo alikuwa ametuma mtu aulize hati ya shamba letu la kule Kwanza iko wapi.

Sasa nifikirie nini?

Mwanangu Abdinasir alikuwa kwa kinyozi. Gari lake lilikuwa Celica nyekundu ya milango miwili. Alitoa springi ilizokuja nazo akaweka zingine zenye ringi: ukizungusha huku gari linapanda, ukizungusha kule linashuka. Yeye alipenda lilale chini kama paka anayevizia panya.

Abdisalam akatoka chini ya gari, akapangusa mikono, akaingia pickup yake akaenda. Hakugeuka.

Nasir aliporudi nilimkimbilia mlangoni.

"Ami yako alikuwa chini ya gari lako."

"Anatafuta nini?"

"Mimi nitajuaje? Angalia."

Akachungulia, akacheka vibaya.

"Ameinua nyuma. Ringi zote amezungusha. Huyu ami, bana... hajawahi kupenda hii gari."

"Anataka kukuua, Nasir. Rudisha vile ilikuwa."

Ndiyo. Maneno hayo yalitoka kwa mdomo wangu.

Nasir akachukua spana, akarudisha. Kwa hasira akaongeza mizunguko mingine, gari likashuka kuliko mwanzo. Alikuwa anampeleka dadake Sumeya kwa mumewe Bungoma. Sumeya alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nikawaombea dua mlangoni. Wakaenda.

Nusu saa haikuisha, pickup ikasimama kwa geti. Abdisalam akashuka na tairi mpya begani. Akasimama mbali, macho chini.

"Assalaam aleikum, shemeji. Gari iko wapi?"

Sikujibu salamu. Mungu anisamehe.

"Shemeji, tairi ya nyuma ilikuwa inasugua bodi. Imelika upande wa ndani mpaka nyaya zinaonekana. Nimeinua gari isisugue, nikakimbia kutafuta tairi. Nasir hashiki simu. Ningekuambia wewe, lakini uko kwa eda..."



"Nimemwambia ashushe," nikasema. "Wameenda. Yeye na Sumeya."

Abdisalam akatupa tairi nyuma ya pickup, nami nikafungua mlango. Jirani yangu Rispah alikuwa anatuangalia juu ya ua.

"Mama Nasir, unaenda wapi? Si dini yenu imekukataza kutoka?"

"Panda, Rispah. Kaa katikati yetu."

Akapanda na aproni yake, mikono imejaa unga.

Simu ya Nasir iliita tu. Na ule muziki anaofungulia kwenye gari, angesikia nini?

Niliangalia kila mtaro. Kila chekundu nilidhani ni gari lao... shuka kwenye kamba, mafungu ya nyanya, kitambaa cha mtoto.

Tulipofika Kiminini, watu walikuwa wamejaa barabarani.

Yarabi.

Abdisalam akafunga breki. Rispah akanifunika macho na mikono ya unga.

"Usiangalie, mama. Wacha niangalie kwanza."



Halafu nikamsikia anacheka.

Gari lilikuwa limekalia bampu, tuta la barabarani, kwa tumbo, haliendi mbele wala nyuma. Sumeya alikuwa ameketi kwa kiti cha muuza mitumba, anakula ndizi.

"Mama? Umetoka nje?"

Vijana walikuwa wanamsumbua Nasir. "Buda, hii ni gari ama ni sahani?"

Abdisalam akapitisha mkono nyuma ya ile tairi. Ulirudi na damu. Nyaya zilikuwa zimemchoma.

"Mbele kuna mteremko wa Kamukuywa," akamwambia Nasir polepole. "Ingepasukia huko."

Nasir alishika kichwa akachutama.

Jioni nilimpigia shehe simu. Nilimsimulia kisa chote, nikamuuliza kuhusu kutoka nyumbani.

"Kutoka ilikuwa dharura, hakuna neno," akasema. "Lakini ulivyomdhania mwenzako, hilo si la kuniuliza mimi. Muombe yeye."

Nikampigia Abdisalam. Nilimwambia yote, bila kuficha.

"Na hati ya shamba?" nikamuuliza. "Ulikuwa unaitafutia nini?"



"Marehemu alinishika mkono hospitalini, shemeji. Aliniambia nihakikishe imeandikwa jina lako, kabla watu hawajaanza maneno."

Nililia mpaka simu ikakatika.

Wapendwa, nilimwogopa mtu aliyekuwa anatulinda, halafu nikawatuma wanangu kwa hatari mimi mwenyewe. Mkiwa na shaka na mtu, muulizeni, hata kama ni kupaza sauti tu kutoka dirishani.

Eda haikunikataza hilo.