Chupa ya Asidi ya Mtihani

Wiki ile ya zamu yake ya kusafisha maabara, Cherehani aliamka kila siku kabla ya jua, akamwogesha mdogo wake, akachota maji, ndipo akaenda shule. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Lakini Ijumaa ilipofika, hata mikono hiyo ilikuwa hoi.

Baada ya masomo alibaki maabara kuosha vyombo. Mtunza maabara, ambaye wanafunzi walimwita Mama Chupa, alikuwa ameitwa ofisini ghafla. Mezani ilibaki bika moja ya kioo yenye asidi ya hidrokloriki, ambayo darasa lilikuwa limelowekea misumari. Masalia kama hayo yalipaswa kupelekwa kwenye ndoo ya taka iliyokuwa stoo, nyuma ya jengo. Cherehani aliutazama mlango wa stoo kupitia dirishani akauona uko mbali kama safari. Karibu naye, kabati lilikuwa wazi, na ndani yake chupa ya kahawia ya asidi ileile.

"Asidi ni asidi," alijisemea. Akaimimina humo, akafunga kizibo, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu asubuhi alimkuta Mama Chupa ameinamia bika ya asidi iliyotoka kwenye ile chupa ya kahawia, macho mekundu kwa uchovu. Saa nne watahiniwa wa darasa la juu wangeingia kwenye mtihani wa vitendo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nitazamie. Hii ina rangi gani?"

"Kama manjano, kwa mbali."

"Asidi safi haina rangi. Nimeipima mara tatu, majibu hayalingani. Ama muuzaji ametudanganya, ama mimi nimezeeka." Akachukua simu ampigie muuzaji.

Cherehani alisogea karibu na meza. Akinyamaza, lawama zingemwangukia mtu asiyehusika.

"Usimpigie, mama. Ni mimi. Ijumaa nilirudisha humo masalia ya misumari."

Mama Chupa aliweka simu chini polepole. Hakufoka, pengine hakuwa na nguvu za kufoka. Alitoa chupa ya akiba ambayo haijafunguliwa, akaanza kuandaa asidi upya, huku Cherehani akisuuza vyombo. Saa nne kasoro dakika tano kila meza ilikuwa tayari. Chupa iliyoharibika ilibandikwa karatasi: "Imechafuka. Si ya kupimia."

Mtihani ulipokwisha walivaa glavu na miwani, wakafungua madirisha. Mama Chupa alimimina ile asidi iliyochafuka kidogo kidogo kwenye ndoo yenye maji mengi, kamwe si maji juu ya asidi. Cherehani akanyunyiza unga wa magadi. Povu lilipanda, likashuka, likapanda tena. Ilichukua karibu saa nzima, mpaka karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi, ikaacha kugeuka nyekundu, ndipo ndoo ikamwagwa.

"Na mimi nina langu," Mama Chupa alisema akivua glavu. "Niliacha kabati wazi. Asidi hukaa chini ya ufunguo, siku zote."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nimechoka."

"Kuchoka si dhambi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechoka. Ukichoka, sema, kazi itasubiri. Lakini kilichotoka chupani hakirudi chupani, maana kichafu kidogo huharibu kisafi kingi. Uongo nao ni hivyo hivyo. Ungenyamaza leo, ungechafua jina la mtu, na hilo halina magadi ya kulisafisha."

Akavuta viti viwili. Wakakaa, wakanyoosha miguu.