Likizo ya Julai na Falme za Barafu

—Torkel, haya umeandika wewe?

Nilimsukumia simu mezani. Akatazama, kikombe cha kahawa mkononi.

—Yapi?

—Usinifanye mtoto. "Nina uhakika, jamani. Mtu wa ndani ya studio amefuta likizo yake ya Julai. Falme za Barafu ya Nne inatoka vuli hii."

Akaweka kikombe mezani polepole. Basi nikajua.

Mimi Hedvig huchora ramani za mchezo huo wa kompyuta, hapahapa Malmö. Torkel mchana anatengeneza baiskeli, jioni yuko mtandaoni na wenzake wakikisia sehemu ya nne itatoka lini. Miaka tisa wanakisia! Nembo ikibadilishwa rangi, iko njiani. Mtunzi wa muziki akipiga picha kwenye theluji, iko njiani. Mimi nilisaini kazini kwamba sitasema, na sijasema hata kitandani. Naye aliniahidi hatanichokonoa.

—Sikukuuliza kitu, Hedvig. Nilijumlisha mwenyewe. Julai nchi nzima imefungwa kwa likizo, hata daktari wa meno humpati. Nani anabaki kazini kama hakuna jambo?

—Kwa hiyo unanipeleleza ndani ya nyumba yangu.

—Nilikisia tu!

Simu ikaita. Bosi wangu, Gunilla.

"Umeona kilichoandikwa? Studio nzima aliyehamisha Julai ni wewe peke yako. Kesho asubuhi uje ofisini kwangu."

Torkel alisikia kila neno. Rangi ikamtoka.

—Watakufukuza?

—Sijui.

Akazunguka jikoni, akarudi, akazunguka tena. Halafu mwanaume huyo, Mungu amsamehe, akaniuliza:

—Lakini... nilipatia, eh? Unatoka vuli?

Niliumia pale kuliko kwa lile aliloandika. Nikafungua droo ya visu, nikatoa kiboksi, nikakifungua mbele yake. Pete mbili nyembamba za dhahabu, yake na yangu.

—Likizo ya Julai nimeihamishia Septemba. Ukumbi wa jiji ulikuwa na nafasi ya ndoa Septemba tu. Nilitaka nikuchumbie mimi, maana wewe kila kitu unasubiri kitangazwe!

—Hedvig, mpenzi...

—Usiniguse.

Nikavaa viatu mlangoni, nikaenda kulala kwa dada yangu Sigrid. Kulala gani! Niligeuka huku na huku mpaka dada akahama chumba.

Asubuhi, kabla sijakaa, Gunilla akanigeuzia kompyuta yake.

—Huyu ndiye wako?

Nikasoma: "Mimi ni mwongo, sina mtu wa ndani. Nilichungulia likizo ya mpenzi wangu nikakisia ujinga. Aliihamishia Septemba kwa harusi yetu. Yeye hajawahi kuniambia neno. Naitwa Torkel Wiberg, fundi baiskeli, na huenda harusi yenyewe haipo tena."

Chini yake watu mia wameshajibu: "Kumbe mchezo unatoka Septemba!"

Gunilla akajikaza asicheke, akashindwa.

—Hawa watu hawaponi. Nakupa onyo, Hedvig, sikufukuzi. Lakini likitokea la pili, mimi na wewe basi.

Nilipotoka mlangoni kwake, meseji ikaingia: "Niko chini. Sitauliza kitu."

Nikamkuta kwenye mvua, kashikilia baiskeli, kofia hana.

—Bosi kasemaje?

—Onyo.

—Na sisi?

Nilikuwa bado na hasira, na nilitaka kumjua mtu wangu mara moja, niache kuhangaika.

—Niulize habari za mchezo. Leo nimechafukwa, naweza nikakwambia kila kitu.

Akanitazama. Miaka tisa ya kukisia ilikuwa mbele yake, bure kabisa.

—Sitaki. Niambie hivi, ile pete yangu itanienea?

Niliitoa mfukoni, maana sikuwa nimeiacha nyumbani. Haikuenea! Ilikwama kwenye kifundo cha kidole, tukavuta na kusukuma mpaka akaipitisha kwa grisi ya mnyororo wa baiskeli, tunacheka na kulia palepale barabarani.

Septemba tukaoana. Ofisa wa jiji hakumaliza swali, Torkel akajibu ndiyo, asije akaambiwa asubiri.

Na Falme za Barafu ya Nne? Najua inatoka lini. Mume wangu hajui, na hajauliza tena. Nyinyi nanyi msiniulize.