Mpira Uliopungua Vidole Viwili

Kila jioni, Helka akishamaliza kula viazi na samaki, alivaa ovaroli na kuingia gereji kabla hajagusa daftari. Watoto wengi wa Alajärvi, mji mdogo wa Ufini, walikwenda uwanjani kucheza. Kwao Helka, mazungumzo yote yalikuwa ya injini. Mama yake, Raili, alitengeneza matrekta ya wakulima. Kaka yake Veikka, mwenye miaka kumi na saba, alishindana kwa magari ya zamani kwenye njia za changarawe.

Mwaka huo Helka alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye aliomba kazi ya kufunga mipira ya kupitishia petroli na geji ya kupimia presha kwenye gari la Veikka. Mama alimpa, lakini kwanza alimwekea mezani mipira miwili iliyofanana kwa unene na rangi.

"Huu ni wa gari la kabureta, unabeba presha ndogo," alisema. "Huu mwingine ni wa injini yetu, yenye pampu inayosukuma petroli kwa nguvu mara kumi ya hiyo. Soma maandishi ubavuni mwa mpira kabla ya kukata. Na uache urefu wa ziada, maana injini ikinguruma hucheza."

Helka alitaka geji ikae ndani, karibu na usukani, ipendeze. Mama alikataa katakata. Petroli haiingizwi alipokaa dereva, alisema. Basi geji ikafungwa nje, chini ya kioo cha mbele, mahali Veikka angeiona akiwa mbioni.

Ijumaa mama aliitwa shambani kwa mtu. Helka alimtambia kaka yake kwamba kazi ingekwisha kabla mama hajarudi. Alipima mpira harakaharaka, akaukata, akauvuta kuelekea kwenye geji. Haukufika. Ulipungua vidole viwili.

Ulikuwa mpira wa mwisho, na duka la mjini lilikwisha kufungwa hadi Jumatatu. Lakini ghalani lilikuwepo gari la kabureta la marehemu babu, nalo lilikuwa na mpira wenye unene uleule. Helka aliukata, akaufunga, akakaza kleme, vile vibano vya chuma, kisha akauvisha soksi nene ya kuzuia joto. Mtu asingeona kitu. Veikka aliwasha injini na mshale wa geji ukapanda hadi tatu, ukatulia.

"Fundi mkuu," Veikka alisema akimpiga begani. Helka akajifanya anafuta spana.

Jumapili, uwanja ulijaa vumbi na harufu ya soseji za kuchoma. Veikka alishinda raundi ya kwanza na ya pili. Baada ya raundi ya tatu alivua kofia akiwa amekunja uso, akamwambia Helka kwamba mshale ulikuwa ukitetemeka kwenye kona. Helka alifuta kioo cha geji kwa kitambaa. Akajibu kwamba huenda ni vumbi tu kwenye kioo cha geji. Veikka akamwamini, akarudi mbioni. Dakika zote za fainali Helka alisimama na kiganja mdomoni, akilitazama gari lile jekundu kila lilipoibuka kwenye vumbi. Veikka akawa wa tatu.

Helka alidhani amenusurika. Alikuwa amesahau mauzo.

Katika mashindano yale, kila gari huwekwa mauzoni injini zikishazimwa, tena kwa bei moja iliyopangwa, ili tajiri asiwazidi wenzake kwa kumwaga fedha kwenye gari. Anayekataa kuuza hunyang'anywa leseni. Siku hiyo watu wawili walilitaka gari la Veikka, kura ikapigwa, likamwangukia Venla, msichana wa miaka kumi na mitano aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Baba yake, Jalmari, alimjia mama yake Helka akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Nililitaka kwa sababu yako, Raili," alisema. "Magari yako hayavuji."

Venla aliingia garini, akafunga mkanda, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe," Helka alisema.

Wote wakamgeukia. Helka alisema yote, kuanzia vidole viwili hadi gari la babu. Mama alilisogelea gari. Alifungua boneti, akachana ile soksi kwa kisu. Mpira ulikuwa umevimba na kuwa laini kama soseji iliyochemka, wenye nyufa nyembamba. Tone la petroli lilining'inia juu ya bomba la moshi, ambalo lilikuwa bado la moto.

Veikka alipauka. "Nilikuuliza kuhusu mshale. Ukaniambia vumbi."

"Ndiyo."

"Nami nikaenda fainali na kitu hiki."

Mama alimwambia Jalmari kwamba ana haki ya kuliacha gari. Jalmari alimtazama binti yake. Venla akafikiri, kisha akasema atalichukua, ila Helka afunge mpira mwingine mbele ya macho yake.

Mama aliomba mpira sahihi kwa fundi wa jirani. Helka alisoma maandishi ya ubavuni kwa sauti, akapima, akaongeza vidole viwili, akakata. Injini ilipowashwa, alifuta kila kiungo kwa karatasi nyeupe, akasubiri, akafuta tena. Karatasi ilibaki kavu. Soksi haikurudishwa mpaka Venla naye alipofuta.

Njiani kurudi nyumbani Veikka alitazama dirishani, na hakumsemesha dada yake hadi Jumatano. Mama ndiye aliyesema.

"Kukata mpira mfupi si aibu. Mimi nimekata mingi. Ungeniambia Ijumaa, tungekosa mashindano ya siku moja, basi. Lakini ulificha, na kaka yako akakaa karibu na moto bila kujua. Geji inaonyesha presha tu, Helka. Mpira gani umo ndani ya soksi, hilo fundi pekee ndiye anayelijua. Kwa hiyo asiyeweza kusema ukweli, hata awe na mikono mizuri kiasi gani, simpi spana."

Akabadilisha gia.

"Leo umesema. Kesho uje gereji."