Mtu wa Pembeni

Wafanyakazi walikuwa wanatoka kazini, ukumbi wa chini wa jengo la maduka umefurika watu, na lifti imegoma. Fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti mlangoni, ovaroli ya buluu imejaa grisi, msichana mwenye gauni la njano alipompitishia stendi ya kamera karibu na uso.

"Dada, hilo jicho bado nalitumia!"

"Samahani, kaka. Lifti itapona lini?"

"Imeshakuona, itapona tu."

Watu wakacheka, naye akacheka, na penzi lilianzia hapo hapo, hakuna haja ya kuzunguka. Fundi alimbebea stendi mpaka studio yake ya picha, ghorofa ya tatu, na kabla hajashuka walikuwa wameshapeana namba.

Akawa haishi kupanda. Kuta za studio zilijaa familia: mabibi vitini, wajukuu nyuma yao, vitukuu mapajani.

"Mbona wachumba wote unawapanga pembeni?" aliuliza siku moja.

Mpiga picha akashusha sauti. "Siri ya kazi, mpenzi. Uchumba ukivunjika, familia inarudi kuniambia nimkate mchumba kwenye picha. Akiwa katikati, nitakata na shangazi."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Hakujua kwamba kicheko hicho kitamtokea puani.

Bibi yake mpiga picha alipotimiza miaka themanini, ukoo mzima ulijaa studio. Fundi alikuja amenyoa, shati jeupe limenyooshwa likanyooka. Mpiga picha hakuwa na muda wa kumsifia.

"Mjomba, ingiza tumbo."

"Likiingia mtanitambua?"

"Na wewe, mpenzi, simama kule mwisho. Mwisho kabisa."

Fundi akaenda. Alisimama akiwatazama wachumba wa ukutani, wote pembeni kama yeye, na moyo ukamuuma kweli. Mpiga picha alitegesha kamera ipige yenyewe, akatoka mbio kuelekea kwenye mstari. Fundi hakumwona. Alikuwa ameshageuka, anashuka ngazi.

Simu hakupokea mpaka jioni.

"Umenuna nini?"

"Umeniweka pa kukatwa."

"Na mimi ningesimama wapi?"

"Si nyuma ya kamera?"

"Kwani mimi sina bibi? Nilikuwa nakuja kusimama kando yako, upande wa nje. Pale mwisho palikuwa pangu, mpumbavu wangu wee."

Fundi aliona aibu, akaona na furaha, vyote kwa pamoja. "Mbona hukusema?"

"Nimezoea kupanga watu kama viti. Nikasahau kwamba siri ya kazi nilishakupa. Nisamehe." Akavuta pumzi. "Bibi ameikataa picha. Anasema ina pengo kama mdomo wake. Kesho tunarudia."

Kesho yake fundi aliingia kichwa chini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenitobolea picha?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Kaa hapa." Bibi akamkalisha ubavuni mwake, katikati ya ukoo, akampakatisha kitukuu, kisha akamshika mkono kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia. "Haya, mjukuu wangu. Ukitaka kumkata huyu, utakata na kitukuu wangu, na mkono wangu juu."

"Bibi, hata hajaniposa!" alisema mpiga picha, akitegesha kamera.

"Naposa," alisema fundi. "Sasa hivi. Unanikubali?"

"Nakubali! Sogea, inapiga!"

Kamera ikalia kabla hajafika vizuri. Picha hiyo imetundikwa mlangoni mwa studio: mpiga picha mguu mmoja hewani, mjomba tumbo nje, ukoo mzima umemgeukia fundi. Anayetazama kamera ni mtoto peke yake. Bibi aliulizwa kama irudiwe tena, akasema hapana, safari hii watu wote wamo.